Kiingereza cha Kumzikia Mama

Hapa Kibarani ninapoishi siku hizi, Jumamosi huanza kwa vipaza sauti. Jua halijapanda vizuri, utamsikia kijana katika ua wa nyumba yenye msiba akiipuliza maiki, fuu, fuu, kisha akihesabu kwa Kiingereza: wani, tuu, wani, tuu. Hafiki tatu. Sauti hiyo hunikuta nikifua, au nikichambua mchele, na mikono yangu husimama yenyewe. Jirani yangu mmoja hunitania kwamba naogopa maiti. Siogopi maiti. Ninachokiogopa huja baadaye, baada ya sala na nyimbo, pale anaposimamishwa mtoto au kijana aliyesoma, akapewa karatasi, akaanza kuyasoma maisha ya marehemu kwa Kiingereza, na wazee wote wakainamisha vichwa kama watu waliojibanza barazani wakingoja mvua ipite.

Nawaambia ninyi jambo ambalo hata mume wangu sijamweleza lote. Wasifu wa mamangu niliusoma mimi.

Tulikaa nyuma ya Gede, upande wa kuelekea msituni, kwa Hawe. Hawe ndivyo tunavyomwita bibi sisi Wagiriama, na huyu alikuwa mama wa mamangu. Mama alikuwa ameachana na baba mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, akarudi kwao na mimi na leso zake, akapewa chumba cha nyuma. Jina lake lilikuwa Kache. Kila asubuhi alijitwika kapu la machungwa akaenda kuuza karibu na lango la magofu, mahali ambapo magari ya watalii husimama. Alirudi jioni akinuka maganda ya machungwa mpaka kwenye nywele.

Kwetu kila aliyekisema Kiingereza alikuwa na chake, kama kila mtu alivyo na kikohozi chake. Ungemjua mtu hata akiwa nyuma ya ukuta. Vijana waliouza vinyago Watamu walikuwa wamejifunza kwa Waitaliano, kwa hiyo hakuna neno waliloliacha liishe bila vokali, na mikono yao haikutulia wakati wa kulisema. Mwenye duka letu, mzee wa Mambrui aliyevaa kofia iliyodariziwa, aliyatamka maneno ya Kiingereza polepole na kwa adabu, kila herufi akiipa haki yake, kama anayesoma dua. Walimu waliotoka bara walikuja na chao. Mwalimu Wanja, aliyetufundisha darasa la tano, hakuweza kuianza d bila kuipitisha puani kwanza, na sisi wanafunzi wake tukatoka katika darasa lile na pua ile ile. Binti, kwake, alikuwa ndota. Mpaka leo nikijisahau nasema ndota.

Kiingereza cha mama kilikuwa cha kuchekesha kuliko vyote. Hakukubali herufi mbili ngumu zigusane. Alitia vokali kila palipokuwa na nafasi, kama mtu anayepanga mawe kwenye kijito ili avuke asilowe miguu. "Welikamu!" angeita. "Orenji! Veri siwiti! Siwiti tuu machi!" Wazungu walicheka, naye akacheka kuliko wao, akamenya chungwa moja akawapa waonje. Mimi niliona haya. Nilikuwa nimeshaanza kufundishwa.

"Mama, ni swiit," nilimwambia siku moja tukiwa pale langoni. "Hakuna i huko mwanzo."

"Wakila watajua," alisema, akaendelea kumenya.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kifua. Ulianza wakati wa kuvuna mahindi, na mahindi ya msimu uliofuata yalivunwa yeye akiwa bado kitandani. Mwishoni hakuwa na uzito. Hawe, mzee kama alivyokuwa, alimbeba mgongoni kama mtoto akamtoa nje aote jua, na jua lilipokuwa kali akambeba tena akamrudisha. Alifia hospitalini Malindi. Habari zilinikuta shuleni, na Mwalimu Wanja ndiye aliyenishika mkono hadi nyumbani. Njia nzima hakusema neno, la Kiingereza wala la Kiswahili. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Mjomba Katana, kaka yake mama, alikuwa weita katika hoteli moja ya Watamu. Alikuja matanga yakiwa yameshaanza, amevaa shati jeupe la kazini, na alikuja na habari: bosi wake atahudhuria mazishi. Bosi huyo alikuwa Mwingereza wa makamo ambaye hakuwahi kukanyaga nyumba ya mfanyakazi wake yeyote. Mjomba aliyasema hayo akiwa amesimama, kwa sauti ya kila mtu kusikia, na watu waliokuwa wamejinyoosha mikekani wakajikuta wamekaa vizuri.

Kwa desturi yetu, mtu akifa, wanawake wanaomjua humsema. Humsema kwa kuimba. Mmoja huanzisha, mwingine hutia alichokiona yeye: alivyokuwa akicheka, ugomvi aliowahi kuuanzisha kisimani, mtoto aliyempoteza, chakula alichokipenda. Wengine wote huitikia. Hawe alitarajia hivyo, tena alikuwa ameshasema kwamba ataanzisha yeye mwenyewe.

"Mama," Mjomba akamwambia, "safari hii tutasoma wasifu. Kwa Kiingereza. Bosi hajui Kigiriama."

"Akae asikilize sauti," Hawe akasema.

"Atasikiliza nini asichokielewa?"

"Mbona sisi tutasikiliza?"

Wanawake waliokuwa wakikuna nazi wakacheka, na Mjomba akacheka nao kidogo, kwa aibu. Kisha akachuchumaa karibu na mamake, akashusha sauti. "Mama, watatuonaje? Kila mahali sasa wanasoma. Tukikosa kusoma watasema Kache hakuwa na mtu."

Neno hilo ndilo lililomnyamazisha Hawe. Akaivuta leso yake kichwani, akaitengeneza, akasema, "Haya. Lakini asomewe vizuri."

Mjomba akaenda Malindi kwa kijana mmoja aliyekuwa na duka la kupiga chapa, akarudi na karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha ili isipate vumbi. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza darasani, na nilikuwa mwana wa marehemu. Hakukuwa na mjadala. "Sidi atasoma," Mjomba akasema, na watu wakaona ni sawa.

Nilifundishwa kando ya ghala la mahindi, karibu na jiko, kwenye moshi na harufu ya tui. Maneno mengi sikuyajua maana. Hakuna aliyeniambia maana, nami sikuuliza. Kazi yangu ilikuwa kuyatoa mdomoni yakiwa mazima. Nilidhani Kiingereza cha msibani ni kama kile Kiarabu tulichokisikia kutoka msikiti wa njia panda, kwamba kinamfikia Mungu na kumsaidia marehemu hata kama msemaji haelewi.

"Bu-ri-edi," nilisoma, penye neno la kuzikwa.

"Simama hapo," Mjomba akasema. "Berid."

"Lakini kuna u, mjomba."

"Ipo. Hatuisemi."

"Mbona wameiandika?"

"Muulize mzungu. Mimi nilimkuta nayo."

Akanieleza kwamba Kiingereza kina herufi za kufanya kazi na herufi za kukaa tu, kama wageni wa matanga: zimechukua nafasi, zimekula, na neno hazisemi. Kwenye neno lao la binti, kwa mfano, wako wawili katikati waliolala fofofo. "Wapite polepole," akaninong'oneza, "usiwaamshe." Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mamangu akiwa bado katika chumba cha maiti Malindi. Mjomba naye akacheka mpaka akapangusa macho, na sikujua ni machozi ya kicheko au ya nini.

Alasiri akaja Mwalimu Wanja na sukari yake ya matanga. Akaiweka chini, akasema nimsomee. Nikamsomea, na nilipofika pale anapotajwa mama kuwa mpendwa wetu, akanikatiza.

"Bilavd? Nani amekufundisha hivyo? Ni bi-la-vid."

"Hiyo ni ya kanisani, madamu," Mjomba akasema. "Hotelini wanasema bilavd."

"Kwani dadako unamzikia hotelini, Katana?"

Mjomba akamgeukia. "Na wewe madamu unatuzikia ndota. Bosi atauliza huyo ni mnyama gani."

Wanawake wa jikoni hawakujua Kiingereza lakini walijua mtu anapochokozwa, wakashangilia. Mwalimu Wanja hakukasirika. "Haya, weita," akasema, "endelea kuhudumia." Akavuta kigoda akakaa upande wangu wa pili. Basi nikawa nimewekwa katikati, kila mmoja akinivutia kwake. Huyu akisema neno, yule anasema vingine, mimi nalirudia mara hivi mara vile mpaka midomo ikawa kama si yangu. Mwishowe wakapatana: bilavd ya hoteli, na kwenye sala ya mwisho bilavid ya Mwalimu.

"Mwacheni mtoto ale," Hawe akaita kutoka jikoni. Hawakuniacha. Wala mimi sikutaka kuachwa. Nilipokuwa nikipigana na maneno yale sikuwa na nafasi ya kufikiria kitu kingine, na hilo niliona ni jambo jema.

Kwenye karatasi mama hakuwa Kache. Alikuwa na jina la ubatizo, ambalo hakuna aliyemwita kwalo ila mchungaji, naye alilisema Magareti. Mjomba alilitaka Maagrit, upesi, na t ya mwisho isisikike sana. Kache lilikuwamo mara moja tu, mstari wa juu, na hata hapo nikaambiwa nilipinde kidogo.

"Mzungu hawezi Kache," Mjomba akasema. "Atasema Kachi. Mpe Kachi, asipate taabu."

Siku ya mazishi lilifungwa turubai uani, na mbele kabisa pakawekwa kiti cha sofa kilichoazimwa kwa mwenye duka, kimetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kilikuwa cha bosi. Watu walikaa mikekani, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine walisimama juani, na hakuna aliyekisogelea. Watoto wadogo walifukuzwa hata wasikiguse. Kanisa lilikuwa limetuazima kipaza sauti cha kutumia betri ya gari. Hawe alikaa chini karibu na jeneza, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti lake.

"Ukisoma," Mjomba alikuwa ameniambia, "mtazame bosi. Usiwatazame watu wengine, utalia."

Gari la hoteli likafika. Akashuka dereva peke yake, Mgiriama kama sisi, na shada la maua. Akamwendea Mjomba. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Bosi anasema pole sana," dereva akanong'ona. "Amepata wageni."

Mjomba alilipokea lile shada kwa mikono miwili. Alilitazama kwa muda. Kisha akaenda akaliweka juu ya sofa, akalisimamisha vizuri lisianguke, akageuka, akaniashiria kwa kidevu: soma.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakusema, Sidi, weka karatasi, mwache Hawe aanzishe. Bosi hakuja. Ukimtoa Mjomba mwenyewe, na Mwalimu Wanja, na mchungaji, na dereva kidogo, hapakuwa na mtu pale wa kuyaelewa maneno yale. Lakini nadhani Mjomba hakuwa na nguvu ya kugeuka tena mbele ya watu wote wale. Alikuwa amewaambia akiwa amesimama.

Nikasoma. Nililisomea lile shada la maua lililokaa kwenye sofa, kwa sababu niliambiwa nitazame pale. Nikasema berid. Nikasema bilavd. Nikawapita waliolala bila kuwaamsha, na ndota nikaivua pua. Maagrit likapita upesi, na Kachi nikalipinda kama nilivyofundishwa. Sauti yangu ilitoka kwenye kile kipaza sauti ikaenda hadi mikoroshoni ikarudi, nikaisikia kama ya mtu mwingine, mtu mzima asiye na shida yoyote. Niliona midomo ya Mjomba ikitembea pamoja na yangu. Mara moja tu nilitazama pembeni, nikamwona Hawe. Alikuwa ameinama mbele, mkono nyuma ya sikio, akiutazama mdomo wangu kama mtu anayeutazama mlango akingoja atoke mtu anayemjua.

Nilipomaliza watu walipiga makofi. Mazishini! "Mtoto ametoa Kiingereza huyo!" mzee mmoja akasema. "Kama wa redioni," akajibiwa. Mwalimu Wanja alinikumbatia mpaka kifungo cha blauzi yake kikaniacha alama shavuni. Wakaimba wimbo wa kanisa, jeneza likateremshwa. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Udongo ulipokuwa ukimwangukia mamangu mimi nilikuwa bado naurudia kimoyomoyo mstari wa mwisho, nikiusikia jinsi ulivyotoka vizuri. Hata baada ya siku hiyo watu waliniita Mtangazaji, nami nikaitika. Nilikuja kulia baadaye, nilipotumwa kuleta kitu chumba cha nyuma nikalikuta lile kapu limekauka, halinuki tena. Lakini wakati huo wageni walikuwa wameshakwenda makwao, na kulia peke yako hakumalizi kitu.

Nilisoma mpaka kidato cha pili nikakomea hapo. Kiingereza changu hakikufika mbali, ila kilifika pa kunitesa, maana yale maneno nilikuwa nimeyahifadhi yote, na kadiri nilivyokua yalianza kufunguka moja moja. Nikiwa naosha vyombo, au nimepanga foleni kliniki na mtoto mgongoni, neno moja lingejifungua nikaona ndani yake. Na ndani hamkuwa na mtu. Mchapakazi. Mcha Mungu. Mama mwenye upendo, atakumbukwa na wote waliomjua. Nilipohamia Kibarani nikaanza kusikia mazishi ya watu nisiowajua, niliyakuta maneno yale yale, yamefuatana vile vile, yakisemwa juu ya fundi wa baiskeli, na tena juu ya msichana aliyekufa maji. Yule kijana wa duka la Malindi hakuandika habari za mamangu. Alitia jina tu.

Miaka yote hiyo Hawe hakuwahi kuniuliza nilichosoma. Nilidhani amesahau. Kisha mwaka jana nilikwenda Gede kumuuguza. Macho yalikuwa yameshafifia, hakutoka tena kitandani, nami nilikuwa nikimlisha uji asubuhi. Akaniuliza ghafla, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Sidi. Siku ile ya mamako. Ulisema nini?"

"Siku gani, Hawe?" nikasema, ingawa nilijua.

"Ulisimama ukasema mengi. Watu wakapiga makofi. Nikangoja kuambiwa, sikuambiwa. Nikaona pengine ni mambo ya waliosoma. Sasa mimi naondoka. Niambie."

Ningeweza kumtungia. Nimelifikiria sana hilo. Alikuwa mzee, hanioni uso, na nilikuwa na mambo ya kweli ya kutosha juu ya mama ambayo ningeyapanga yakawa hotuba. Lakini hakuniuliza ninachojua. Aliniuliza nilichosema.

"Nilisema alikuwa mchapakazi," nikamwambia.

Akakubali kwa kichwa. "Kweli. Halafu?"

"Nilisema alimcha Mungu."

"Haya."

"Na kwamba alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Kijiko kilikuwa njiani. Akakizuia kwa mkono. "Muda mfupi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Hawe."

"Nilimbeba mgongoni, Sidi. Mahindi yakavunwa, yakavunwa tena."

"Najua."

Alitafuna ingawa mdomoni hamkuwa na kitu. "Na yule mwanawe wa kwanza, aliyekufa kabla hajatambaa? Ulimtaja?"

"Hapana, Hawe."

"Jinsi alivyokuwa akiniimbia nikiumwa goti, na sauti yake mbaya ile?"

"Hapana."

"Na jina lake? Nilikuwa nalingoja jina lake. Nikasikiliza, sikulisikia."

"Lilikuwamo mara moja. Nililisema kizungu."

Aliusukuma mkono wangu wenye kijiko taratibu, kama mtu aliyeshiba. Nje mtu alikuwa akitwanga. Tulisikiliza mchi.

"Basi tulimzika hajasemwa," alisema.

Nikamwambia, "Hawe, mseme sasa. Mimi niko hapa, nasikiliza."

"Ule wimbo hauimbwi na mtu mmoja," akanijibu. "Mwenye kuanzisha huanzisha, wengine huitikia. Walioitikia wamekwisha. Wewe unajua kuitikia?"

Sikujua. Nilikuwa nimezaliwa katika nyumba ile, nimezisikia nyimbo zile kwa mbali nikiwa mdogo, na sikujua hata moja ilianzia wapi. Akageukia ukutani, nami nikabaki nimeshika bakuli. Neno lililonijia mdomoni wakati ule, na nililimeza, lilikuwa kumwambia kwamba sikukosea hata neno. Ndipo nilipoelewa Hawe alichomwambia Mjomba siku ile karibu na jiko. Alisema asomewe vizuri. Mjomba alisikia matamshi. Mwalimu Wanja alisikia matamshi, na mimi pia. Sote tulimpenda Kache, na sote tulijitahidi kweli. Hawe alikuwa anaomba mwanawe aonekane na watu kabla hajafunikwa.

Hawe alifariki kabla ya mvua kubwa. Nilimwendea Mjomba Katana, ambaye naye sasa anatembea kwa mkongojo, nikamwomba Hawe asemwe kwa Kigiriama, kikwetu. Hakunikatiza. Akasema hata yeye angependa, lakini wajukuu wa Mombasa wameshachapisha vitabu vya wasifu vyenye picha, kwa Kiingereza, na tena, akaniuliza kwa upole, nani ataanzisha? Nikafikiri. Nikapitisha moyoni kila mwanamke aliyebaki pale nyumbani. Sikupata jina.

Akasoma binti wa binamu yangu, mwenye umri kama niliokuwa nao mimi. Kiingereza chake ni cha siku hizi, cha televisheni, laini, hakuna herufi iliyomkwama. Wazee waliinamisha vichwa. Alipomaliza watu wakapiga makofi, naye akainua uso kutoka kwenye karatasi, akatafuta mtu wa kumtazama, macho yake yakaniangukia mimi. Alikuwa na furaha. Nami nikapiga makofi.